Randa ya Uani

Jumamosi, 8 Juni 2019
Tangu saa mbili asubuhi hadi adhuhuri nimeranda mbao nne za mninga, futi 7 kila moja, kwa randa ya mkono ya marehemu baba. Kitanda kinataka kumi na mbili. Bega la kulia halinyanyuki. Mwaka mzima nimekuwa nikisema nikipata fedha nanunua msumeno wa meza. Leo nimeona nilikosea. Mbao nanunua zimeshapasuliwa, zina alama ya nyundo ya TFS, wakala wa misitu, na kukata urefu ni kazi ya dakika. Kinachokula siku zangu ni kuranda. Nina shilingi 2,400,000 kutoka kikoba, nami sitaki kuzitumia mara mbili.

Jumatano, 12 Juni
Baada ya kazi nimepita dukani karibu na soko. Wana mashine mpya ya kazi saba: inaranda, inapasua, inatoboa, inachonga vishimo vya ndimi, na nyinginezo. Shilingi 2,150,000. Nilirudi nyumbani nimechangamka. Mama watoto akasikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza, "Hizo saba, wewe unazihitaji ngapi?"

Mbili.

Nilipokuwa dukani muuzaji, muungwana, aliniruhusu kuikagua. Niliweka rula ya chuma juu ya meza, nikamulika tochi upande wa pili: mwanga ulipita katikati, upana wa ukucha. Meza ni bati lililokunjwa. Ukilikandamiza pembeni linabonyea. Meza ikibonyea, ubao nao utatoka na tumbo, hata visu viwe vikali namna gani. Halafu mota imejengwa ndani, shafti yake ya peke yake. Siku itakapoungua hapa Mpanda hakuna mota nyingine itakayokaa pale.

Jumapili, 23 Juni
Fundi wa kuchomelea wa mtaani amejitolea kunitengenezea mashine kwa vyuma vya pembe. Misumeno yake ya meza naijua, inafanya kazi miaka, na ikiharibika anaitengeneza yeye mwenyewe jioni ileile. Kwa msumeno ningemkubalia bila kufikiri. Randa ni jambo jingine. Shafti inayobeba visu huzunguka mara elfu nne na zaidi kwa dakika, nayo lazima iwe na mizani kamili. Kisu kimoja kikizidi uzito kidogo mashine nzima inatetemeka, na kisu kilicholegea kinachomoka kama risasi. Nilimwambia wazi. Akakubali: "Stendi nitakutengenezea, kaka. Shafti katafute iliyotoka kiwandani."

Jumanne, 2 Julai
Shemeji amepiga simu kutoka Tabora. Karakana moja inafungwa, mzee amechoka, anauza randa ya zamani ya inchi 12, meza ya chuma cha kusubu, kwa 1,300,000. Imekaa miezi bila mnunuzi kwa sababu mota yake ni ya fezi tatu na watu wa majumbani wana fezi moja. Mimi pia nina fezi moja. Lakini mota hiyo imefungwa kwa mkanda tu! Ukifungua bolti nne inatoka, inaingia nyingine yoyote.

Jumapili, 7 Julai
Tabora. Sabasaba, mji umetulia. Mzee alinipa nafasi ya kutosha. Rula na tochi: hakuna mwanga uliopita, mbele, nyuma, wala kwa mshazari. Nilishika shafti kwa mikono miwili nikaitikisa juu chini. Beringi ya kushoto inacheza kidogo. Namba yake imechongwa ubavuni, ni ya kawaida, dukani ipo. Nyufa hakuna. Visu vina nyama ya kunolewa miaka mingi. Kinga ya visu ipo, na nilimwambia bila kinga nisingeichukua. Mzee akanipa na beringi mpya aliyokuwa ameiweka akiba, akasema, "Usiiache ikae na kutu, mwanangu."

Inarudi nami kwa treni. Njia hii ya Kaliua hadi Mpanda ilijengwa kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Uruwira, madini ya kutoka. Mzigo wangu mimi unaingia.

Ijumaa, 19 Julai
Siku mbili za hesabu, na naziandika zote nisisahau.

Nimenunua mota ya fezi moja, nguvu farasi 3, shilingi 480,000. Nilikuwa tayari kuifunga na puli ileile ya zamani, usiku, kwa haraka. Bahati nilisoma vibao. Mota ya zamani: mizunguko 1,425 kwa dakika. Hii mpya: 2,850. Puli ya mota ni inchi 7.5, ya shafti inchi 2.5, yaani kasi inazidishwa mara tatu. Zamani shafti ilizunguka 4,275. Kwa mota mpya ingefika 8,550. Nilikaa chini kwenye kigogo. Mwanangu wa kwanza husimama pale pale mbele ya meza, kutazama.

Nimenunua puli ya inchi 3.75, shilingi 25,000. 2,850 mara moja na nusu ni 4,275, kasi ileile.

Halafu waya. Kutoka luku hadi uani ni mita 40, nami nilivuta waya wa milimita 2.5 zamani kwa ajili ya taa na drili. Mota hii ikifanya kazi inakula kama ampea 14, lakini inapoanza huvuta mara tano hivi, tuseme 70. Katika waya ule volti 41 zingepotea njiani, mota ingeguna bila kuzunguka mpaka iungue. Nimevuta wa milimita 6, zinapotea 17. Na umeme wetu unatoka kwenye majenereta ya dizeli, bado hatujafikiwa na gridi ya taifa, kwa hiyo jioni watu wakiwasha vitu vyao mimi sitawasha mashine.

Jumla: randa 1,300,000, treni na wabebaji 90,000, mota 480,000, puli 25,000, waya 240,000. Ni 2,135,000. Ni nafuu kuliko ile ya kazi saba kwa shilingi elfu kumi na tano tu. Sijutii. Hapa kila kinachoweza kufa kina mwenzake dukani.

Jumamosi, 27 Julai
Imewaka mara ya kwanza bila kuguna. Mninga umepita laini kama umepakwa mafuta. Ubao wa mtundu ulinyofoka, maana nyuzi zake zinapishana. Nilipunguza kina hadi nusu milimita na kuusukuma polepole, ukakubali. Vumbi la mninga linawasha pua. Nimewavalisha watoto barakoa, kisha nikaona bora wakae ndani kabisa.

Mbao nne kwa dakika ishirini. Baadaye mwanangu wa kwanza alipima ncha zote mbili kwa kalipa: 24.8 na 24.8. Akapima tena.

Bibi wa jirani hulala mchana, tumekubaliana niwashe saa tatu hadi saa sita tu. Zimebaki mbao nne. Kesho Jumapili, siwashi.