Tunajifunga safari ya Unguja: kuogelea, kinga na mbio



Wengi mmetuuliza sokoni na kwenye likelemba kama ni kweli kwamba wamama watatu wa chama chetu wanakwenda Zanzibar kushindana. Ndiyo, ni kweli. Tunakwenda Unguja, kisiwa kikubwa cha Zanzibar, kwenye shindano dogo la michezo mitatu upande wa mashariki wa kisiwa. Dada yetu mmoja aliyeolewa Kigoma ndiye aliyetupasha habari. Alituambia pia kwamba timu ya watu watatu inakubaliwa: mmoja anaogelea, wa pili anapanda baiskeli, wa tatu anakimbia. Hapo tukaona kwamba jambo hili linatufaa. Sisi wamama tumezoea kugawana mzigo.

Tunawaandikia namna tunavyojitayarisha, ili kikundi kitakachotaka kusafiri kesho kisianze gizani.

Mchezo wenyewe

Wanamichezo wanauita triatloni. Safari fupi ya mchezo huu ni mita 750 za kuogelea, kilomita 20 za baiskeli na kilomita 5 za mbio, bila kupumzika katikati. Katika timu, anayeogelea anatoka majini amefungwa mkanda mguuni wenye kifaa kidogo cha kuhesabu muda. Anaufungua na kumpa mwenzake wa baiskeli, naye akirudi anampa mkimbiaji. Mkanda ukianguka njiani, kazi ya wote inaharibika. Kwa hiyo hata kuufunga na kuufungua tunakufanyia mazoezi, kwa kipande cha kitambaa.

Sheria moja tumeikariri kama sala: usiguse baiskeli kabla ya kuvaa kofia ngumu na kuifunga kidevuni.

Shindano refu la mchezo huu, lile linaloitwa Ironman, lilizaliwa kisiwani pia. Ilikuwa Oahu, katika visiwa vya Hawaii, mwaka 1978. Watu 15 walianza, wote wanaume, na 12 wakamaliza. Mwaka uliofuata aliingia mwanamke mmoja, Lyn Lemaire wa Marekani, akamaliza wa tano. Na kuna mtawa Mkatoliki, Sista Madonna Buder, aliyezaliwa 1930. Mwaka 2012 alimaliza shindano refu la namna hiyo nchini Kanada akiwa na miaka 82. Mama asituambie tena kwamba magoti yake yamezeeka kwa sababu ana miaka 45.

Nani anafanya nini

Anayeogelea ni mwenzetu muuza samaki. Alikulia ufukweni, baba yake alikuwa mvuvi, na maji hayamtishi. Wa baiskeli ni mwenzetu anayebeba magunia ya unga kwa kinga yake tangu ujana. Miguu yake inajua mlima kuliko ya vijana wengi. Wa mbio ni mwalimu, na alianza kwa kutembea haraka kwenda masomo kila asubuhi kabla ya kuanza kukimbia.

Mazoezi ni mara nne kwa juma, alfajiri, kabla moto haujawashwa. Kuogelea tunakufanya mbali na mahali mto Lukuga unapotoka ziwani, kwa sababu ya mamba na viboko, na siku ya upepo mkubwa hatuingii. Muogeleaji haendi peke yake hata siku moja: mtumbwi unamfuata, na ndani yake kuna kamba na bidoni tupu. Tena anafunga mdomo vizuri. Sisi wa Kalemie tunaijua kolera, na maji ya ziwa si ya kumeza.

Jambo gumu halikuwa miguu wala mikono. Lilikuwa ni nani atakayepika. Baba watoto mmoja aliuliza mbele ya wakubwa wa familia: "Mama akienda kucheza majini, watoto watakula mawimbi?" Hatukumjibu kwa hasira. Tulikaa na familia zote tatu tukaandika zamu. Siku za mazoezi jirani mmoja anawasha moto, siku nyingine shangazi, na vijana wakubwa wa kiume wamejifunza kusonga bukari na kutwanga sombe. Yule baba aliyeuliza, sasa ndiye anayeendesha mtumbwi.

Ziwa si bahari

Tumezoea Tanganyika, ziwa lenye kina cha mita zaidi ya 1,400, la pili duniani kwa kina. Lakini bahari ina tabia zake. Kwanza ni chumvi. Maji ya chumvi yanabeba mwili juu kuliko maji baridi ya kwetu. Hiyo ni zawadi kwa muogeleaji. Lakini yanachoma macho na yanakausha koo, kwa hiyo miwani ya kuogelea ni ya lazima.

Pili ni kupwa na kujaa. Ziwa letu halina jambo hilo la kuonekana kwa macho. Upande wa mashariki wa Unguja bahari inaondoka mara mbili kwa siku na kuacha mchanga mtupu mbali sana, kisha inarudi. Mwezi ukiwa mpya au mpevu, maji hupanda zaidi na kushuka zaidi. Watu wa pwani wanaita bamvua. Mgeni asiyeuliza saa za maji anaweza kufika ufukweni na mavazi yake akakuta bahari imekwenda zake. Anaweza pia kutembea mbali mchangani, maji yakarudi nyuma yake.

Tatu ni chini. Kuna mawe ya matumbawe yanayokata kama wembe, na wanyama weusi wa mviringo wenye miiba kama sindano. Usikanyage miguu mitupu. Viatu vya plastiki vya sokoni vinatosha.

Huko huko Paje na Jambiani, wamama wanalima mwani baharini. Wanafunga vipande kwenye kamba maji yakipungua, wanavuna, wanakausha na kuuza. Kazi hiyo ilianza kama biashara kubwa mwishoni mwa miaka ya 1980, na wengi wa wakulima ni wanawake. Tunataka kukaa nao siku moja, tuwaulize habari za bei na ushirika wao.

Mavazi

Kikwembe hakiingii majini. Kikishalowa kinakuwa kizito na kinazunguka miguu kama kamba. Muogeleaji wetu ameshonewa suruali ya kubana mpaka kifundo cha mguu na shati la kubana la mikono mirefu. Zanzibar karibu wote ni Waislamu, na vazi hilo ni la heshima huko. Kaskazini mwa kisiwa, katika kijiji cha Nungwi, Mradi wa Panje umefundisha wasichana kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayofunika mwili wote. Kwa hiyo anayesema heshima na kuogelea haviendi pamoja, tumpeleke Nungwi akaone.

Mjini na vijijini tutavaa vikwembe vyetu, mabega na magoti yamefunikwa. Tutasalimu kwa adabu ya huko: mkubwa anaambiwa shikamoo, naye anaitikia marahaba. Kiswahili chetu watakicheka kidogo, nasi tutacheka chao.

Njia

Tunavuka ziwa kwa meli kutoka Kalemie hadi Kigoma. Kutoka Kigoma kuna reli ya zamani iliyofika hapo mwaka 1914, inayokwenda mpaka Dar es Salaam, kilomita zaidi ya 1,200. Kuanzia Dodoma unaweza kuhamia treni mpya ya umeme, iliyoanza kubeba abiria hadi Dar mwaka 2024. Kutoka Dar ni boti, kama saa mbili baharini, mpaka Unguja mjini.

Njia hii si ngeni kwa watu wa kwetu. Karibu na Kigoma ni Ujiji, na kutoka Ujiji misafara ya karne ya 19 ilitembea mpaka Bagamoyo, ikibeba pembe za ndovu na watu waliotekwa, wengi wao kutoka ng'ambo yetu ya ziwa. Wamama walitembea njia hiyo wamefungwa, watoto migongoni. Waliofika Unguja waliuzwa sokoni, mpaka soko hilo lilipofungwa mwaka 1873. Mahali pake leo pana kanisa kuu la Anglikana. Lugha tunayowaandikia hapa ilikuja kwetu kwa njia hiyo hiyo. Tutakwenda pale kabla ya shindano, tusimame kimya. Bibi zetu walifika bila kuulizwa. Sisi tunakwenda kwa hiari yetu na tikiti ya kurudi mfukoni.

Makaratasi na mfuko

Kila mmoja awe na paspoti ambayo haijakaribia kuisha. Awe na kadi ya manjano ya chanjo ya homa ya manjano, maana wanaotoka Kongo wanaulizwa. Sindano ichomwe angalau siku 10 kabla ya kuingia. Tangu Oktoba 2024 Zanzibar inadai bima ya safari kwa wageni kutoka nje, nayo inanunuliwa kwao. Ulizeni bei na habari za viza kabla ya kukata tikiti, kwa wenye mamlaka, si kwa vijana wa bandarini.

Fedha zimetoka kwenye likelemba, kuuza maandazi, na kuuza ndagala waliokaushwa. Hakuna aliyekopa. Hesabu zote ziko kwenye daftari la mtunza fedha, na mwanachama yeyote anaweza kuomba kuzisoma. Baiskeli hatubebi, tutakodi huko, lakini tutafika siku tatu mapema ili mwenzetu aizoee na kupima breki.

Angalieni pia saa. Tanzania iko mbele ya Kalemie kwa saa moja. Tena wao wanahesabu saa kwa Kiswahili kamili: wakisema shindano ni saa moja asubuhi, ndiyo saa saba kwa hesabu ya Kifaransa ambayo wengi wetu tumeizoea. Kosa la hapo, na boti imekuacha.

Kula na kunywa

Joto la pwani ni zito kuliko letu, kwa sababu Kalemie iko juu, zaidi ya mita 770 kutoka usawa wa bahari, na Unguja iko chini kabisa. Jasho halikauki. Kwa hiyo tunabeba dawa ambayo kila mama anaijua kwa mtoto mwenye kuhara: lita moja ya maji safi yaliyochemshwa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Inayomsaidia mtoto inamsaidia pia mama aliyetoka jasho. Usiku wa kuamkia shindano tutakula wali au viazi na samaki, bila pilipili nyingi. Asubuhi ni ndizi na chai. Hatujaribu chakula kigeni siku hiyo. Urojo tutaonja baada ya kumaliza.

Kwa nini tunakwenda

Hatuendi kutafuta kikombe. Huenda tukawa wa mwisho, na wa mwisho naye anapigiwa makofi.

Mnakumbuka Desemba 2014, meli Mutambala ilipozama katika ziwa letu. Watu zaidi ya 100 walikufa. Mitumbwi mingine imezama kabla na baada, bila jina lake kuandikwa popote. Tunaishi mita chache kutoka majini. Tunafulia humo, tunachota humo, tunasafirisha bidhaa humo, na wengi wetu hatujui kuogelea hata mita kumi. Kaka zetu walijifunza wakiwa watoto, wakiruka uchi mbele ya watu. Sisi tuliambiwa turudi nyumbani na ndoo. Ndiyo maana mtumbwi ukipinduka, mama aliyembeba mtoto mgongoni anakuwa wa kwanza kupotea.

Safari hii imefungua mlango. Tangu muogeleaji wetu aanze mazoezi, wasichana 11 wamekuja kusimama ufukweni kumtazama, na sasa anawafundisha kuelea kwa mgongo, mahali ambapo maji hayapiti kiuno. Tunaomba kila kikundi kifanye hivyo, na mambo haya yashikwe. Mtu mzima anayejua maji awepo kila wakati. Kamba na bidoni iliyofungwa vizuri viwe tayari. Mtoto asiingie peke yake. Ukiona mtu anazama nawe hujui kuogelea, usimrukie. Mrushie bidoni au kamba, na upige kelele. Na kwenye mtumbwi, dai koti la kuelea, lile tunaloita jile, hata kama kijana wa mtumbwi atanuna.

Tunaondoka mwisho wa mwezi ujao. Hadi hapo, anayetaka binti yake aandikwe kwa mafunzo ampeleke jina kwa katibu kabla ya kikao cha Jumamosi. Aje na nguo ya kubana, viatu vya plastiki na bidoni moja ya lita 20 yenye kifuniko. Mama naye anaweza kuandikwa. Nafasi ziko.