Ulimi Uliofunzwa na Ulimi wa Kila Siku

Mwonja asali haonji mara moja, walinena wahenga. Methali hiyo yawafaa sana waonjaji wa kahawa, ambao kazi yao ni kuonja, kutema, kisha kuonja tena. Sisi tunaofundisha Kiswahili hapa Burundi, katika nchi ya mibuni, yatupasa kuitazama kazi hiyo, kwani ndani yake mna somo la lugha.

Waonjaji ni wa namna mbili. Wa kwanza ni waliofunzwa, kwa kawaida watu kumi hivi. Huwekewa vikombe vitatu, viwili vya kahawa moja, wakitambue kilicho tofauti. Abahatishaye hupata mara moja katika tatu. Ndiyo maana jaribio hurudiwa. Kisha hufunzwa maneno. Mmoja asemapo “ukakasi”, wote huwa wamekwisha kuonja kitu kikaushacho ulimi, mfano wa ndizi mbichi, wasije wakauchanganya na uchungu.

Wa pili ni wanywaji wa kawaida, aghalabu mia moja au zaidi. Hao hawaulizwi kahawa ina nini, bali waipenda kiasi gani. Ngazi tisa za kupimia jambo hilo, toka kuchukia mno hadi kupenda mno, zilibuniwa Marekani kwa ajili ya chakula cha askari, zikaenea tangu miaka ya 1950.

Yupi bora? Kila mmoja ana swali lake. Mjuzi hafai kuulizwa apenda nini, kwa sababu mafunzo yamemtenga na wanywaji wenziwe. Naye mnywaji hafai kuulizwa kasoro imetoka wapi. Kahawa ya Burundi na Rwanda mara nyingine hunuka viazi vibichi. Punje moja yatosha kuharibu kikombe kizima. Mnywaji atasema “mbaya”, akisukume kando. Mjuzi atasema “viazi”, na neno hilo litatufikisha shambani, kwa mdudu afyonzaye buni changa, ambaye kasoro hiyo huhusishwa naye.

Lakini neno la mjuzi hugusa pia bei. Kahawa ipatayo alama 80 katika 100 huhesabiwa kuwa bora, na wakulima wengi huuza buni pasipo kuionja kahawa yake. Asiye na neno la kujibu hukubali la mwenziwe.

Kwa hiyo darasani tumekuwa tukileta ndimu, ndizi mbichi na chai iliyochemka kupita kiasi. Wanafunzi huonja wakiwa wamefumba macho, wakabishana mpaka wakubaliane kipi ni kichachu, kipi kichungu, kipi chenye ukakasi. Siku moja mmoja wao alituuliza: “Mwalimu, baba akiambiwa kahawa yake ina uchachu, amesifiwa au amelaumiwa?”

Tulimjibu kwamba kwa wajuzi uchachu wa kadiri, mfano wa tunda lililoiva, ni sifa, ingawa nyumbani neno hilo huashiria chakula kilichoharibika. Akaliandika jibu hilo katika daftari, apate kumsomea babaye kabla ya mavuno.