Ambulensi yetu ilikuwa boda

Kabla ya korona, kama ungeniuliza hapa Nakivale ambulensi iko wapi, ningekuonyesha boda. Sifanyi mzaha. Gari nyeupe yenye king'ora ilikuwepo, lakini ilikuwa ya wale ambao kituo cha afya kimewashindwa, wanapelekwa hospitali kubwa ya Mbarara. Kutoka nyumbani mpaka kituoni kila mtu alijipanga mwenyewe. Mama akishikwa na uchungu usiku, mume anaamsha kijana wa boda wa jirani, mama anakaa katikati, dada yake nyuma anamshika, wanaondoka. Kama hela hakuna, boda analipwa mahindi yakivunwa. Huduma hiyo haikuwa kwenye ripoti ya shirika lolote. Ndiyo maana ilipokufa hakuna aliyeandika kwamba imekufa.

Ilikufa mwezi wa tatu 2020. Uganda ilipata mgonjwa wa kwanza tarehe 21, na tarehe 25 Rais akasimamisha usafiri wa abiria. Boda wakabaki na mizigo tu. Unaweza kubeba gunia la maharage, huwezi kubeba mgonjwa. Siku chache baadaye magari ya binafsi nayo yakazuiwa, na kafyu ikaanza saa moja jioni. Kumpeleka mgonjwa kwa gari ilitaka ruhusa ya RDC, yaani mwakilishi wa Rais katika wilaya. Sasa mama wa kule Rubondo, hajui Kinyankole wala Kiingereza, foni yake haina chaji, huyo RDC atampatia wapi saa tano za usiku? Katikati ya Aprili Rais mwenyewe alisema wajawazito wasiombe tena ruhusa. Lilikuwa tangazo zuri, tulilishangilia kweli. Ila ruhusa haina magurudumu. Boda hawakurudi kubeba watu mpaka mwisho wa Julai, na usafiri wa abiria ulipofunguliwa kwingine mwezi wa sita, wilaya za mpakani ziliachwa nyuma. Isingiro yetu inapakana na Tanzania.

Mimi ni mtu wa kujitolea wa afya katika kijiji, wale tunaoitwa VHT. Mwezi wa kawaida nilikuwa naombwa kuitisha gari mara mbili, tatu. Aprili ile foni haikupumzika: mtoto ana malaria anatetemeka, mtu ameumwa na nyoka shambani, mama ana uchungu. Watu ambao hawajawahi kuita ambulensi maishani mwao, wote wakawa wanatafuta gari moja. Na gari hiyo hiyo ndiyo ilibeba wanaoshukiwa korona kwenda karantini, kisha ikapuliziwa dawa na kusubiri ikauke.

Nilisoma baadaye kwamba huko New York, mwisho wa Machi mwaka ule, simu za ambulensi zilipita 6,000 kwa siku, wakati kawaida yao ni kama 4,000. Wale waliita kwa ajili ya korona yenyewe. Sisi tuliita kwa magonjwa yale yale ya kila siku, ju njia nyingine zote zilikuwa zimefungwa.

Usiku mmoja, kama saa tatu, mama mmoja wa jirani alianza kutokwa damu, mimba ya tano. Nikapiga simu. Dereva akajibu kwa upole: "Kaka, niko Mbarara, nimeleta watu wa karantini. Gari lazima ioshwe kwanza." Mume wake hakungoja nimalize kumweleza. Aliita wanaume wanne, wakafunga blanketi kwenye miti miwili, kikawa kipoyi kama kile tunachobebea wagonjwa kule Kivu. Wenyeji wetu Wanyankole nao wana chao, wanaita engozi. Tulitembea saa mbili na nusu gizani, tukibadilishana mabega. Njiani walinzi wa kafyu walitumulika. Mmoja akasogea, akaona kitenge kimelowa damu, akasema twende haraka, kisha akatangulia na tochi yake mpaka barabara kubwa.

Mama alipona. Mtoto alitoka ameshakufa.

Nyinyi wa mashirika mnaosoma hapa, jueni kwamba kitabu cha gari cha usiku ule kina safari moja, ya Mbarara. Sisi hatumo.

Halafu mambo yakageuka kinyume. Kufika Julai gari ilikuwa inapatikana kidogo, lakini watu hawaitaki. Wahudumu walikuwa wanashuka wamevaa yale mavazi meupe mpaka machoni, watoto wanakimbia nyuma wakipiga kelele "Korona! Korona!", na kesho yake hakuna anayenunua nyanya kwenye nyumba ile. Na kwa sisi Wakongo picha hiyo haikuwa mpya. Ebola ya Kivu Kaskazini na Ituri ilianza Agosti 2018, ikatangazwa kwisha Juni 2020, ikiwa imeua watu zaidi ya 2,200. Wengi wa hapa waliikimbia vita wakati ugonjwa huo bado unaendelea. Wanaijua gari inayokuja na watu wasio na sura.

Mzee mmoja wa kutoka Beni alikuwa na pumu. Nilimkuta amekaa kitandani ameegemea ukuta, kila pumzi inapiga filimbi. Nikamwambia, baba, niite gari. Akanishika mkono: "Mwanangu, gari ile ilibeba mdogo wangu kule Beni. Sikuona hata kaburi. Mimi nitakufa hapa, mtanizika nyinyi." Mke wake alimbembeleza, mchungaji akaitwa, akakataa. Alikufa alfajiri ya siku ya pili. Haikuwa korona, ilikuwa pumu, kitu ambacho kituoni kina dawa.

Kilichobadilisha watu hakikuwa semina, na semina tulipewa nyingi, pamoja na soda. Ni dereva. Alianza kuzima king'ora akiingia kijijini. Anasimama kwa mwenyekiti, anashuka na barakoa yake tu, anasalimia kwa Kiswahili chake kibovu, anaeleza anampeleka nani na wapi, anamruhusu ndugu mmoja apande. Baadaye ikaja gari ya pili, moja ikawekwa kwa ajili ya korona peke yake, na watu wakajifunza kuzitofautisha kwa mlio wa injini.

Septemba 2022 Ebola ilipotangazwa Mubende, mbali na sisi, nilipigiwa usiku na mama ambaye mtoto wake anatapika. Kabla hajaniambia mtoto ana miaka mingapi, aliuliza: "Kaka, ni gari ipi itakuja? Ni dereva yule yule?"

Nikamwambia ndiyo, ni yule.

"Basi ije."