Amri za Kompyuta: Kitabu Kinafaa Nini?

Wazazi wengi hapa kwetu Likasi wanauliza neno moja, na vijana wanaliuliza kwa namna yao. Mzazi anasema: "Mtoto anaomba falanga za kupiga fotokopi ya kitabu cha kompyuta. Sasa kompyuta si inajifunzwa kwa kompyuta? Kitabu cha nini tena?" Kijana naye: "Mambo yote iko mu telefone. Niko naangalia video, ya nini kubeba makaratasi?" Maulizo hayo ni ya haki, maana falanga ni chache na fotokopi ya kitabu kikubwa si mchezo. Nami nakuambia upande wangu tangu mwanzo: kwa kazi ya kuamuru mashini kwa maandiko, na kwa mtu anayekaa mahali kama kwetu, kitabu kinafaa sana, lakini si kwa sababu ile watu wanayofikiri.

Kwanza tuelewane juu ya kazi yenyewe. Kompyuta, ile tunaita ordinatere, wengi wanaijua kwa picha: unabonyeza kapicha, dirisha linafunguka. Kuna njia nyingine, ya kale zaidi. Kioo ni cheusi, kuna alama ndogo inawaka na kuzimika, inakungoja. Unaandika amri, unabonyeza, mashini inafanya. Hakuna picha. Ukiona kijana anafanya hivyo unaweza kuwaza kwamba mashini imeharibika. Kumbe mashini nyingi kubwa zinazobeba intaneti ya dunia zinaongozwa kwa njia hiyo hiyo, na mwenye kuijua anaweza kuangalia mashini iliyo mbali na yeye kilometa elfu, sababu amri zinapita mu waya.

Njia hii ina umri. Mwaka 1969, kule Marekani katika maabara za Bell, Ken Thompson na Dennis Ritchie walianza kutengeneza mfumo unaoitwa Unix. Kitabu chake cha kwanza cha maelezo kilitoka Novemba 1971, na ndani yake mlikuwa tayari amri ls, cp, mv na rm. Mwaka 1991 mwanafunzi mmoja wa Helsinki, Linus Torvalds, akatoa Linux, iliyofuata nyayo zile zile. Leo ukifungua mashini ya Linux ukaandika ls, inakujibu kama vile ingemjibu mtu wa 1971.

Sasa ona maana yake kwetu. Vitabu vinatufikia vimechelewa. Vinatoka kwa padri aliyehama, kwa mtu aliyefunga ofisi, mu sanduku la misaada. Kitabu cha programu ya picha kikikaa miaka mitano, madirisha yamekwisha kugeuka, kinafaa kufungia karanga. Lakini kitabu cha amri cha mwaka 1984, kama kile cha Kernighan na Pike juu ya Unix, bado kinafundisha. Sijui somo jingine la kompyuta ambalo maskini mwenye kitabu kizee anakaa karibu sawa na tajiri mwenye kitabu kipya.

Na sisi watu wa njia ya Shinkolobwe, niruhusu niseme hili pembeni, tuna deni la kudai kwa mashini hizi. Babu zetu walichimba pale jiwe ambalo hawakuambiwa ni la nini. Uranium ya Shinkolobwe ilionekana mwaka 1915. Wakati wa vita kuu ya pili ilipelekwa Marekani, nayo ndiyo iliyotoa sehemu kubwa ya uranium ya kutengeneza bomu la kwanza. Mwaka 1945 Wamarekani wakakamilisha ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza kabisa, yenye uzito wa tani karibu 30. Kazi yake ya kwanza kubwa, mwishoni mwa mwaka ule, ilikuwa hesabu za wataalamu wa mabomu wa Los Alamos. Jiwe letu na kompyuta vilikutana mapema namna hiyo! Hakuna aliyempa babu kitabu cha kumweleza. Leo vijana wetu wanachimba kobalti ya betri za telefone na kompyuta, nao pia wengi hawajawahi kuandika amri moja.

Mwaka 2004 mgodi wa Shinkolobwe ulifungwa kwa amri ya Rais mwezi wa kwanza, lakini watu waliendelea kuchimba. Mwezi wa saba sehemu yake ikaporomoka, watu wakafa. Mwezi uliofuata kijiji kikaondolewa. Dada yangu na bwana yake walikuja mjini na masufuria yao. Mtoto wao amezaliwa hapa, hajakijua kijiji, ila baba yake aliendelea kuchimba upande wa Kambove. Kijana alipomaliza masomo ya sekondari alitaka kumfuata. Mimi nilikuwa na kompyuta nzee yenye Linux na fotokopi ya kitabu. Nikamwambia akae nami miezi mitatu, mchana awasaidie wazazi, jioni tusome. Akaniuliza: "Mjomba, kuchimba kunalipa leo. Kitabu kinalipa siku gani?"

Sikuwa na jibu la kumpa. Dada yangu njo alimwambia akae.

Kitabu chenyewe ni The Linux Command Line cha William Shotts, toleo la pili la 2019. Mwandishi ameruhusu watu kukichukua bure na kugawana, bila kukiuza wala kukigeuza. Kina kurasa zapata mia tano, kwa Kiingereza, na hapa njo taabu ya kwanza. Kitabu kinasema Kiingereza. Mashini, ikiwa imewekwa kwa Kifaransa, inakukaripia kwa Kifaransa: commande introuvable. Sisi tunazungumza Kiswahili. Kwa sauti ya chini tulitafsiri sentensi kwa sentensi, tukisaidiwa na Kifaransa cha masomo, maana maneno mengi ya kompyuta mu Kiingereza yana ndugu yao mu Kifaransa. Dar es Salaam, Chuo Kikuu kilifanya kazi nzuri ya kutafsiri programu za ofisi, wakatoa Jambo OpenOffice mwaka 2004. Lakini amri zenyewe hazitafsiriwi, ls ni ls hata Zanzibar. Basi kijana akazitungia Kiswahili chake. Amri ls, inayoonyesha mafaili yaliyopo, akaiita "leta sura". Ile cp ya kunakili ni "chora pacha". Ile mv ya kuhamisha ni "muvute". Ile pwd, inayokuambia uko katika folda gani, ni "pahali wapi, dada?" Na rm ya kufuta akaiita "rudi? marufuku!" Nimecheka, lakini sijaona kitabu kilichoeleza rm vizuri kuliko hivyo.

Taabu ya pili ni umeme. Hapa kwetu unaweza kukatika saa kumi na mbili jioni ukarudi wakati wewe umelala. Mtu wa video amekwisha. Betri imekufa, na hata ikiwa nzima, megabaiti ni falanga. Mtu wa kitabu ana taa ndogo na kaye. Tulifanya hivi: ukurasa wa kaye unagawanywa kwa mstari katikati. Upande wa kushoto unaandika amri kutoka mu kitabu. Upande wa kulia unaandika, kabla ya kugusa mashini, unafikiri itajibu nini. Umeme ukirudi, unajaribu. Ikijibu vile ulivyoandika, weka alama. Ikijibu vingine, andika jibu lake kwa biki nyekundu, urudi mu kitabu kutafuta sababu. Siku moja tulikuwa na amri kumi na nne mu kaye na nusu saa tu ya umeme. Ilitosha. Naamini giza lilimfundisha zaidi ya mwanga, maana mwenye umeme wakati wote anapiga piga tu vibonye mpaka kitu kitokee, na kikitokea hajui kwa nini.

Jambo moja kitabu kilituokoa siku ya kwanza kabisa. Kijana aliandika mkdir mizigo, ya kutengeneza folda. Mashini haikujibu kitu. Akaandika cp ya kunakili faili. Kimya. Akanigeukia: "Mjomba, haiseme kitu. Imekufa?" Ndugu msomaji, desturi ya Unix ni hiyo: kazi ikifanikiwa, amri nyingi hazisemi neno. Zinasema tu zikishindwa. Utalijuaje hilo kwa kukisia? Mtoto wa kwetu amezoea kwamba mkubwa akinyamaza, kuna makosa. Kitabu kilimweleza kwamba hapa kunyamaza ni kukubali.

Basi kuna na habari ya kijana mwingine wa mtaa wetu, ambaye alijifunza kwa kunakili amri kutoka telefone ya rafiki. Alitaka kufuta mafaili yote yenye jina linaloanza na "masomo". Amri sawa ni rm -r masomo* bila nafasi. Yeye aliacha nafasi mbele ya nyota: rm -r masomo *. Nyota peke yake maana yake ni kila kitu kilichopo hapa. Mashini haikumwuliza "je, una hakika?" Ilifuta tu. Kazi yake ya mwisho ya masomo, kurasa za mwaka mzima, ikaenda, picha za marehemu mama yake pia. Shotts ameandika onyo la nafasi hiyo hiyo, tena anashauri uandike kwanza ls pamoja na nyota, uone majina gani yanatokea, ndipo ubadilishe ls kuwa rm. Rafiki anakupa amri inayofanya kazi leo. Hakupi onyo, maana yeye mwenyewe hakulipata.

Lakini nisikisifu kitabu kupita kiasi. Hakikufundishi vidole. Na juu ya klavye ya Kifaransa, ile yenye A pahali pa Q, kitabu cha Kiingereza hakikuambii neno. Unaona alama imechapwa vizuri mu ukurasa, hujui utaipata wapi. Andika mu kaye yako: mkwaju ulioinama, /, ni Shift na kibonye cha nukta mbili. Nukta ni Shift na nukta-mkato. Kistari ni kibonye cha 6 bila Shift. Mstari wa kusimama, |, ni AltGr na 6. Kiwimbi, ~, ni AltGr na 2, kisha mara nyingi inabidi ubonyeze nafasi ndipo kionekane. Ukiwa na klavye ya Wabelgiji, baadhi zinahama, kwa mfano mstari wa kusimama uko AltGr na 1. Tulipoteza jioni mbili juu ya mstari huo tu.

Na nani hana kompyuta? Mwenye telefone ya Android anaweza kuweka programu ya Termux, ambayo ni bure, akapata kioo cheusi kile kile. Vibonye ni vidogo, macho yanauma, ila sehemu kubwa ya sura za kwanza za kitabu unaweza kuzifanya humo.

Mwezi wa tatu, depo moja ya madini ilikuwa na orodha ya mizigo iliyoingia, mistari zaidi ya elfu moja, kila mstari una tarehe, uzito na mahali ulipotoka. Walitaka kujua mizigo mingapi imetoka Kambove, na karani alikuwa anahesabu kwa kidole, akifika mia nne anaitwa, anaanza tena. Kijana akaomba faili. Akaandika:

grep Kambove mizigo.txt | wc -l

Ya kwanza inachagua mistari yenye neno Kambove. Mstari wa kusimama unapeleka jibu kwa amri ya pili kama bomba linavyopeleka maji, na ya pili inahesabu mistari. Hesabu ilitokea kabla hajaondoa mkono. Karani hakuamini. Wakahesabu kwa kidole siku nzima, wakafika pale pale. Baba yake, aliyeleta mizigo yake pale miaka, aliuliza neno moja tu: kama mashini inaweza kutoa mistari yenye jina lake, na uzito ulioandikwa kila safari. Inaweza. Ni grep ile ile. Yeye ana karatasi zake nyumbani, alizoandika mwenyewe kwa kalamu ya risasi kila alipopima. Hiyo kazi ya kulinganisha wameianza, na sitaiandika hapa kabla haijaisha.

Kijana hajaacha kuchimba. Jumamosi anaenda na baba yake, siku nyingine depo inamwita na kumlipa kidogo kwa orodha. Sura za mwisho za kitabu, zile za kuandika skripti, yaani amri nyingi mu faili moja zikafuatana zenyewe, hajazifikia. Kaye ya tatu ameinunua juma lililopita, kwa falanga zake.