RATANYA LIPI?

Wahenga walinena kwamba mwacha mila ni mtumwa. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, tukaiandika katika insha na kupigiwa vyema. Lakini ukimuuliza mwanafunzi wa hapa Kanyakine kisa cha Mbwaa kilitokea lini, atakodoa macho kama aliyeulizwa hesabu ya kidato cha nne. "Zamani," atakujibu. Zamani gani? "Zamani tu."

Binamu yangu anayesoma Nairobi ni tofauti. Huyo anaijua zamani barabara, ila si ya kwetu. Yeye ni mpenzi wa mchezo wa video uitwao The Legend of Zelda, uliotoka Japani mara ya kwanza mwaka wa 1986. Alipokuja likizo alinichorea katika daftari enzi zote za ufalme wa Hyrule, ambao haujawahi kuwako duniani. Akanieleza kuwa michezo hiyo haikutolewa kwa mfuatano wa matukio. Ule wa mwaka wa 2011 ndio unaosimulia mwanzo kabisa, ilhali ulitoka miaka 25 baada ya ule wa kwanza. Mashabiki walibishana kwa miaka mingi wakiokoteza dalili, mpaka kampuni yenyewe, Nintendo, ikatoa mfuatano rasmi katika kitabu. Kumbe baada ya mchezo wa mwaka wa 1998 wakati uligawanyika njia tatu!

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Nyumbani kwetu kulikuwa na fumbo kama hilo, na halikuwa la mchezo.

Babu yangu na jirani yetu wamezozana kuhusu mpaka tangu sijazaliwa. Kila mmoja hudai kwamba ukoo wake ndio uliofyeka msitu wa tuta hilo kwanza. Babu husema, "Mzee wetu alifika hapa akiwa Ratanya." Jirani naye hujibu, "Hata wetu alikuwa Ratanya!" Basi kila mmoja humwona mwenzake mwongo. Sisi watoto tulikatazwa hata kuchota maji pamoja na wenzetu wa ng'ambo ile.

Sasa sikiliza. Ratanya ni jina la rika. Wameru walihesabu miaka kwa marika ya waliotahiriwa, na majina yake ni manane: Michubu, Ratanya, Lubetaa, Miriti, Guantai, Gichunge, Kiramana na Ithalii. Kila rika lina vikundi vitatu ndani yake, yaani Nding'uri, Kobia na Kaberia. Rika moja hukaa kama miaka 14 au 15 kabla ya lingine kufunguliwa. Yakiisha yote manane, majina huanza upya. Hapo ndipo penye mtego. Mzee akikwambia "wakati wa Ratanya", hujui ni Ratanya lipi, kwa maana moja na lenzake hutenganishwa na miaka 112 hadi 120.

Nikachukua kalamu. Babu ni Guantai. Kutoka Guantai kurudi nyuma hadi Ratanya la karibu ni hatua tatu: Miriti, Lubetaa, Ratanya. Hiyo ni miaka 42 hadi 45. Kurudi hadi Ratanya la kabla yake ni hatua 11, yaani miaka 154 hadi 165. Nikamwomba babu anitajie baba zake mmoja mmoja mpaka huyo aliyefyeka msitu. Alifumba macho, akahesabu kwa vidole, akanitajia majina matano. Nikikadiria miaka 30 kwa kila kizazi, napata 150. Basi Ratanya la babu ni lile la mbali.

Siku ya pili nilivuka mpaka kwenda kwa jirani. Nyanya wa pale alinitazama kwa mshangao, kisha akanipa uji. Mzee alinisimulia kwamba mtu wao alichukuliwa kubeba mizigo ya Wazungu katika vita vya Wajerumani, na aliporudi ndipo alipofyeka upande wake. Vita hivyo vilianza mwaka wa 1914, na boma la serikali hapa Meru lilifunguliwa mwaka wa 1908 na Edward Horne, ambaye wazee walimpa jina la Kangangi. Basi Ratanya la jirani ni lile la karibu. Wazee wote wawili walisema kweli! Kila mmoja alifyeka kipande chake cha msitu, na katikati yao palipita zaidi ya miaka mia moja.

Kwa njia hiyo hiyo wataalamu hujaribu kuipanga safari yetu ya kale. Wazee husimulia kwamba huko Mbwaa tulitawaliwa na Nguo Ntune, waliotupa majaribu magumu: tunda litolewe shimoni bila kuguswa kwa mkono, likatolewa kwa kujaza maji likaelea, mkuki ufike mawinguni, hilo likawashinda, wakatoroka usiku. Waliovuka maji gizani wakawa Njiru, waliovuka alfajiri wakawa Ntune, na waliovuka kumekucha wakawa Njeru. Hata koo zetu zimehifadhi saa!

Mmarekani Jeffrey Fadiman, aliyewahoji wazee wetu na kuchapisha kitabu mwaka wa 1993, anaona kwamba Mbwaa ni kisiwa cha Manda karibu na Lamu. Vitabu vya shule vinatutoa Shungwaya, na wengine wanatupeleka hadi ng'ambo ya Bahari ya Shamu. Wengi hukadiria kwamba safari ilianza karibu na mwaka wa 1700. Katika kisiwa hicho cha Manda kuna magofu ya mji wa Takwa, uliohamwa karibu na wakati huo huo. Hilo halithibitishi kitu, lakini linafaa kuulizwa.

Tofauti yetu na mashabiki wa Zelda ni kwamba wao walikuwa na mtengenezaji wa kumuuliza. Sisi hatuna. Kitabu rasmi hakitatoka Japani. Kurasa zetu ni wazee, na kila mwaka ukurasa mmoja au miwili huzikwa. Babu yangu mwenyewe siku hizi huniita kwa jina la baba yangu, na ya wiki iliyopita yamemtoka. Lakini yale majina matano bado anayo. Nimeyaandika, na tarehe niliyoyaandika pia.

Kesi ya mpaka bado haijakwisha, maana mambo ya hatimiliki ni ya ofisini. Lakini tangu Aprili hakuna aliyemwita mwenzake mwongo, na sisi watoto tunachota maji pamoja.

Kwa hivyo, ewe mwanachama mwenzangu, ukienda likizo beba daftari. Muulize babu au nyanya jina la rika, kisha usitosheke. Uliza na nani alikuwa mtawala, kulikuwa na vita gani, na ni baba wa nani. Zamani "tu" haitoshi.