Pua Ndani ya Chuma

Fundi atakapo tundu la chuma lishike skurubu, hukata hesi ndani yake kwa kuzungusha kikata hesi kwa mkono. Chombo hiki ni cha pua, kigumu kuliko chuma kinachokatwa. Lakini ugumu wake ndio udhaifu wake. Hakipindi, huvunjika. Taka za chuma zikijaa katika mifereji yake, na mkono ukikosa subira, hukatika kikabaki tunduni.

Hapo kazi ya siku tatu huwa rehani ya kipande kidogo kuliko kidole. Mwenye hasira hutwaa keekee. Keekee hubutuka, maana pua haitoboi pua. Mwenye busara hutia mafuta, akapenyeza vijiti vyembamba vya chuma katika mifereji ya kipande, akakirudisha polepole. Kazi ikiwa ya alumini, huichemsha katika maji ya shabu: shabu hula pua, alumini ikasalimika.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Wamarekani watatu, Harold Stark, Victor Harding na Jack Beaver, walitumia cheche za umeme kuondoa vipande vilivyonasa katika alumini. Cheche haijali ugumu; humega pua chembe kwa chembe bila kuisukuma.

Hakuna njia hata moja kati ya hizi ishindanayo na ugumu kwa ugumu. Kilichovunjwa na nguvu hutolewa na subira. Na fundi aliyekwisha kutoa kimoja hukizungusha cha pili kwa adabu: nusu mzunguko mbele, robo nyuma.