Chelezo cha mjomba

Sisi tunaokaa Ubungo tuna undugu na Mtera, hata kama wengi wetu hatujawahi kukanyaga huko. Mwaka 2006 maji ya bwawa lile yalipopungua, mgawo wa umeme ulitufuata mpaka vyumbani, na macho yote yakageukia mitambo ya gesi hapa kwetu. Nilikuwa shule ya msingi, lakini kila mtu mtaani alijua habari za kina cha Mtera. Likijaa, maji yanafika mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Yakishuka mpaka 690, mitambo inatakiwa izimwe.

Leo lakini siandiki habari za umeme, za umeme nalipwa kuandika gazetini. Nataka kuongelea kitu kidogo kuliko kidole: chelezo, kile kielea kinachofungwa kwenye mshipi ili mvuvi ajue samaki amegusa chambo.

Mjomba wangu anavua Mtera kwa ndoana. Ada yangu ya Kidato cha Tano na cha Sita ilitoka majini humo, kwa hiyo msishangae nikiliangalia bwawa kwa heshima kidogo. Lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1970 kwenye Mto Ruaha Mkuu, hasa kuwawekea akiba ya maji wenzetu wa Kidatu, na maji yalipopanda yalikuta miti imesimama. Mingi haikukatwa. Ikafa pale pale ilipo, na ukipita barabara ya Dodoma kwenda Iringa unaiona, mikavu, imejaa ndege. Usiyoiona ni ile iliyozama, na perege wako huko. Mbao zilizolala majini zinaota ukoka wa kijani ambao perege anaula, halafu anapata na pa kujificha. Mwenye nyavu hapaendi, zitachanika. Panabaki kwa wazee wa ndoana kama mjomba.

(Nimesoma kwamba Marekani, kwa ajili ya samaki wao aitwaye crappie, watu huzamisha matawi ziwani kwa makusudi, hata miti ya Krismasi ikishatumika. Sisi tulipewa msitu mzima bure.)

Tatizo, mjomba ameanza kuota mtoto wa jicho. Hataki kusikia habari za upasuaji mpaka avune mtama. Na chelezo chake miaka yote ni mwiba wa nungunungu, mwembamba, uliosawazishwa na chubwi dogo mpaka inabaki ncha tu juu ya maji. Hiyo ncha sasa haioni. Samaki anakula, anaingiza mshipi matawini, mzee bado ametulia. Ndoana inakatika. Kwa siku anaweza kupoteza tano, na faida yote imeishia hapo.

Basi nilipopata likizo nikapanda basi pale Mbezi Louis, mfukoni nina vyelezo vya kila aina: vya plastiki vya mviringo vyekundu na vyeupe, vizibo vya chupa, vipande vya ndala. Nikaongeza na chupa ya rangi ya kucha. Konda aliiona, akacheka, sikumjibu.

Mjomba alikipokea kile cha mviringo, akakizungusha mkononi.

“Hiki nakiona, baba. Ila na samaki naye atakiona.”

Maana yake tuliiona mtumbwini. Kitu cha mviringo kina hewa nyingi, perege anapokivuta anahisi kizito, anatema. Halafu kimefungwa sehemu moja, kinaning’inia, na ukiinua ufito kinanasa kwenye panda la tawi kama kimetumwa. Kipande cha ndala kilikuwa na nafuu, hasa upepo wa mchana ulipoanza na mawimbi yakawa yanaufunika mwiba. Lakini nacho kina kona, na kona hushika.

Mwiba unashinda kwa sababu umelala na mshipi. Mjomba anaubana juu na chini kwa vipete viwili vya tyubu ya baiskeli, kwa hiyo unapita katikati ya matawi pamoja na mshipi, hauna pa kukwama. Vipete vinateleza ukivisukuma, ndivyo unavyopima kina: anashusha mpaka chubwi liguse tawi na chelezo kilale ubavu, kisha anapunguza kama shubiri moja. Ndoana inabaki juu ya tawi, si ndani yake. Ukivutwa polepole pembeni, huyo ni perege. Ukizama moja kwa moja ni kambale, na hapo omba Mungu mshipi uwe mzima.

Nikamshauri ahamie peupe, mbali na miti, atumie chelezo kikubwa anachokiona.

“Huko peupe nikavue nini, upepo?”

Tukabaki na ncha. Niliipaka rangi nyekundu ya kucha, na kwenye kivuli cha magogo aliiona vizuri, akaanza hata kunitania. Jua lilipopanda na maji yakawaka kama bati jipya, nyekundu ikapotea machoni mwake. Nikajaribu kuacha nyeupe yake ya asili, hola. Mwisho mwenyewe akakata kipete cha tatu cha tyubu, akakivalisha nchani. Cheusi. Kwenye maji yanayong’aa, cheusi ndicho kilichosimama.

Ule uzito ulizamisha mwiba, ikabidi tupunguze chubwi kwa meno, kidogo kidogo, mpaka ukakaa sawa. Siku ile alipoteza ndoana mbili.

Sasa anayo miiba miwili kwenye kopo: wenye ncha nyekundu wa asubuhi na jioni, wenye ncha nyeusi wa mchana. Juzi kapiga simu. Shikamoo haijaisha kutoka mdomoni, ananiuliza kama Dar kuna mwiba mnene zaidi. Nikamuuliza habari za hospitali. Akasema mtama bado mbichi.